Ulimi wa Baba Mkwe

Kionandani kilizunguka shingo ya Mzee Mwakipesile taratibu, kikipiga mawimbi ya sauti yasiyosikika, na picha ya kichwa chake chote ikajitokeza hewani: mdomo, koo, na bonge lenye ukubwa wa yai la kuku. Hapakuhitajika sindano wala kisu. Mashine ilimtaka mgonjwa afanye jambo moja tu.

"Toa ulimi," ikasema.

Mzee akafumba mdomo.

Dkt. Tusekile alishusha pumzi, macho kwenye picha, mgongo amempa mzee. Zahanati nzima ilibakiwa na daktari mmoja, kazi nyingine zikifanywa na mashine, na daktari huyo ni mke wa mtoto wa mzee huyo. Kwa Wanyakyusa mkwe hamtazami baba mkwe usoni, sembuse ulimi. Waliounda Kionandani walifikiria kila kitu isipokuwa ukwe.

"Baba, naomba. Uvimbe wa maji wa kuzaliwa hupanda ulimi ukitoka. Usipopanda, mashine itadhani ni saratani ya tezi ya shingo."

"Na idhani. Ulimi nimtolee mke wa mwanangu?"

"Bonge halikusogea," Kionandani kikatangaza. "Saratani. Roboti mpasuaji anaandaliwa. Sauti huenda ikapotea."

Mzee alikuwa mnadi wa ng'ombe. Sauti ndiyo jembe lake. Hata hivyo hakufungua mdomo. Tusekile alikuwa amechoshwa nao wote wawili, kiziwi wa chuma na kiziwi wa nyama. Akajifunika khanga kichwa kizima.

"Sikuoni, baba. Toa."

Mdomo ukaanza kufunguka.

"Jicho la daktari limetoka kwenye picha," Kionandani kikasema. "Kipimo kimesitishwa."

Hapo uvumilivu ukamwisha. Akaitupa khanga chini, akamgeukia mzee uso kwa uso, akautoa ulimi wake wote. Mzee akapigwa na butwaa.

"Haya, baba, aibu ni yangu sasa. Nifuatishe."

Akarudisha macho kwenye picha, kipimo kikaendelea. Nyuma yake mzee akafuatisha, na bonge likapanda.

"Uvimbe wa maji, wa kuzaliwa," Kionandani kikatangaza. "Upasuaji wa tezi umefutwa."

Mzee aliondoka bila kuaga. Jioni mume wa Tusekile akapiga simu.

"Baba anashukuru. Ila wajukuu wapelekwe kwake. Kwetu anasema hatakanyaga tena."

Alipokata simu, ubao wa Kionandani ulikuwa unawaka: Je, mgonjwa ameridhika? Ndiyo au Hapana.

Tusekile aliutazama mpaka ukazimika wenyewe.