Paneli ya Nne

Tangu paneli za sola zipande juu ya bati, chumba cha fundi cherehani kilinuka spirit ya hospitali. Fundi alisema ni mafuta mapya ya mashine. Mkewe, mwenye mimba ya miezi minane, hakusadiki.

Walikuwa wamebishana wiki nzima. Umeme wa kukatikakatika ulikuwa ukiwafukuza wateja, lakini paneli mpya zilikuwa ghali, na mke alitaka wasubiri mpaka ajifungue. Fundi akaokota nne za mitumba kwa bei ya kutupa.

"Mwenyewe je?" mke aliuliza.

"Mwenyewe hazihitaji tena, bibie. Au unataka risiti ya jua?"

Utani huo ulimtokea puani.

Mambo yalianza saa za mchana, jua linapofika utosini. Siku ya kwanza pasi ililia kama kichanga. Siku ya pili, jua kali, mlango wazi, watu wakipita barabarani, cherehani ikaanza kwenda bila mguu wa mtu, ikashona kigauni cheupe cha mtoto, ikaziba shingo, ikaziba mikono, ikaziba na chini mpaka pasibaki tundu la kupitisha hata kidole, na nyuma ya kisogo cha fundi, karibu kabisa, mwanamke akaguna kwa pumzi ya mtu aliyechoka: "Taa... niwashieni taa."

Mganga waliyemwita, mama mwenye ulimi mkali, hakufukiza hata ubani.

"Hizi zimeng'olewa zahanati. Mzazi amefia gizani, na mtoto wake tumboni. Zirudishe zote, leo."

"Zote?"

"Kwani nimesema kwa mafumbo? Tamaa mbele, mauti nyuma, baba."

Alirudisha tatu. Muuguzi alimshukuru mpaka machozi. Ya nne aliificha chini ya majora ya vitambaa, akijiambia kwamba mzimu haujui hesabu na kwamba si haki ale hasara yote peke yake. Mpumbavu yule!

Harufu ilikwisha. Siku tisa walilala vizuri.

Siku ya kumi, jioni, uchungu ulimshika mkewe, akamkimbiza zahanati. Taa ya chumba cha kuzalia iliwaka kidogo, ikafifia, ikazima. Tochi ya simu ya muuguzi nayo ikamfia mkononi. Fundi, nje ya dirisha, alisikia wanawake wawili wakiguna ndani, na aliyelazwa alikuwa mmoja tu. Akakimbia nyumbani, akarudi mbio na paneli kichwani, jasho na machozi havitofautiani.

"Hii hapa, dada! Ifungeni! Ifungeni haraka!"

Muuguzi alisimama mlangoni, mikono imelowa damu. Aliitazama paneli, kisha akatazama juu.

"Shemeji," alisema taratibu, "jua limeshazama."

Ndani, mwanamke alicheka, na hakuwa mkewe.

"Mwambie angoje asubuhi," sauti ilisema. "Na mimi niliambiwa hivyo hivyo."