Mkono wa Pili wa Zarghun

Baada ya adhuhuri. Darra, mji wa mafundi bunduki.

Chumba cha nyuma cha karakana kilinuka mafuta ya bunduki na chai ya kijani. Zarghun alichora njia kwa kidole kwenye vumbi la chuma lililotapakaa mezani.

"Duka la sonara, Kohat. Magharibi mlinzi huenda kuswali. Mfuko nabeba mimi. Wewe Baryal, pikipiki."

"Wawili tu, kaka?"

"Ulitaka tualike harusi nzima?"

Fundi Sakhi akacheka. Baryal hakucheka. Alikuwa akitazama kazi ya fundi: kishikio cha mbele, kikikazwa chini ya mtutu wa bastola ya Zarghun, ili ishikwe kwa mikono miwili.

Mikono miwili. Sasa mfuko ataubeba nani?

Miaka yote Zarghun alipiga kwa mkono mmoja. Dude hilo alilidharau, akiliita fimbo ya vikongwe. Leo kalinunua. Asiyebeba mfuko hukimbia nyuma, na anayekimbia nyuma huona mgongo wa mwenzake. Baryal akahisi mgongo wake unawasha.

"Kaka, hicho cha nini?"

Sakhi akainama, akaanza kufuta bisibisi iliyokwisha takata.

"Wewe endesha pikipiki," Zarghun akasema.

Darra hakuna achukuaye silaha bila kuijaribu. Zarghun alitoka, akafyatua moja kuelekea mlimani. Sawasawa. Hata mbuzi wa jirani hawakugeuka.

Alasiri.

Zarghun alikwenda kutawadha pamoja na fundi, bastola akaiacha juu ya shali. Bisibisi ilikuwa pale pale. Baryal akailegeza skrubu ya kishikio. Kidogo tu. Kitulie kikitazamwa, kizunguke kikibanwa. Akasikia hatua, akaitumbukiza bisibisi mfukoni.

Magharibi. Kohat.

Kioo kilivunjika. Dhahabu ikaingia mfukoni. Mlangoni, Zarghun akamtupia mfuko.

"Shika wewe."

Ndiyo hii, Baryal akawaza. Akatimua mbio kuelekea kwenye pikipiki, kisha akageuka. Zarghun alikuwa ameinua bastola kwa mikono miwili. Mtutu ulimwelekea Baryal.

"Lala chini, mpumbavu!"

Mlio. Kishikio kikazunguka kiganjani, risasi ikachimba ukuta. Nyuma ya Baryal, mlinzi ambaye hakwenda kuswali akafyatua yake, na Zarghun akaanguka.

Baryal aliutupa mfuko, akapiga magoti. Mkono wa kulia wa kaka yake ulikuwa ukitetemeka kama wa mzee wa miaka mia.

"Tangu baridi ya mwaka jana," Zarghun alinong'ona. "Ningekwambiaje? Ungenionaje?" Akakitazama kishikio kilichopinda upande. "Kamwambie Sakhi... hakukaza."

"Nitamwambia, kaka."

Zarghun hakumsikia tena.

Baryal hakukimbia. Polisi walimkuta hapo hapo, wakampekua. Mmoja akatoa bisibisi mfukoni mwake, akaigeuzageuza kwenye mwanga wa duka.

"Na hiki cha nini?"