Pete ya Mwisho ya Mnyororo

Kosa ukilifukia, kwa haya uliyo nayo,
Husimama, hutulia, mlangoni pa nyumbayo.

Viti vyote vya sebuleni kwa Bi Hafsa vilikuwa vimelazwa chini. Havikuangushwa, vililazwa ubavu, taratibu, kama mama alazavyo wachanga. Fremu mpya ya mlango ilikuwa imesimamishwa asubuhi ile ile, na Rebeka, aliyefika Mikindani kuitazama kazi yake, ndiye aliyeviona kwanza. Alivisimamisha kimoja kimoja, asimwambie mtu.

Rebeka alikuwa binti wa mwalimu aliyehamishiwa Mtwara kutoka Bukoba, naye alichora majengo kwa kompyuta katika ofisi ya Innocent, pale Chikongola. Sifa yake ilikuwa moja: hakosei. Innocent alipenda kuwatania wateja kwamba binti huyu akikupima kucha, usithubutu kuzikata mpaka amalize mchoro. Rebeka alicheka nao, na moyoni aliipenda sifa ile kuliko alivyokuwa radhi kukiri.

Bi Hafsa alitaka fremu yake ya kale, iliyoliwa na mchwa, inakiliwe kama ilivyo. Mnyororo ulichongwa kuizunguka yote, kizingiti pamoja, na ncha zake mbili zikakutana chini kwenye kona, katika pete ndogo kama punje ya mtama. Mgeni akiingia nyumba ile hupewa kiti kwanza, salamu baadaye. Rebeka alipouliza sababu, Bi Hafsa alishusha sauti.

"Yupo asimamaye nje ya mnyororo huu tangu enzi za bibi yangu. Hajui kukaa yule, mwanangu. Magoti hana. Mwenye kukaa ndiye mtu."

Rebeka, mwanakwaya wa kanisani, alitabasamu kwa adabu, akaendelea kupitisha skana.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Vipimo vya skana huingizwa katika programu ya kuchorea, kisha skripti, yaani orodha ya maagizo aliyoiandika Rebeka mwenyewe, huvisoma na kulijenga umbo, ukingo kwa ukingo. Lakini programu ile ina kikomo: ncha mbili zikikaribiana mno, huzihesabu kuwa moja, ukingo uliokuwa kati yake hutoweka, na uso ulioshikiliwa na ukingo huo hugeuka tundu. Pete zote zilijengeka isipokuwa ile ya mwisho. Dawa yake Rebeka aliijua tangu chuoni: likuze umbo mara elfu, lijenge likiwa kubwa, kisha lirudishe kwenye udogo wake, kwa kuwa ukingo ukishazaliwa haufi kwa kupunguzwa. Ila skripti ingepasa kupangwa upya, na mchoro alikwisha kumwahidi Innocent jioni ile. Asiyekosea hakutaka kuonekana anachelewa. Akaongeza agizo moja: kilicho kidogo mno kirukwe, na tundu lizibwe kwa uso bapa. Kwenye kioo cha kompyuta mchoro ukang'aa. Innocent alipouliza kama kila kitu kimetoka, akajibiwa kwamba kila pete ipo.

Mashine ya fundi Jumanne, huko Mtawanya, ikachonga ilichopewa. Fremu ya kale ikatiwa moto, maana kwa watu wa nyumba ile mlango wa kale haulali ua mmoja na mpya.

Baada ya viti ikaja harufu. Kila jua lilipofika utosini, nyumba ilinuka maganda ya korosho yanayoungua, ile harufu kali inayokwaruza koo, ilhali hapakuwa na moto mtaa mzima. Zikafuata nyayo: zilizunguka sebule, zikasimama, zikazunguka tena, kama za mtu aliyechoka anayetafuta pa kujiegemeza. Kisha Fauzia, binti wa Bi Hafsa, mwenye mimba yake ya kwanza, akaacha kukaa. Alikula amesimama na kulala ameegemea ukuta, na wanawake wawili walipojaribu kumkalisha kwa nguvu, magoti yake hayakukunjika, yakalia kama ubao unaokaribia kupasuka, naye akanong'ona kwamba si yeye anayekataa. Miguu ikamvimba ikawa kama vinu. Daktari alisema asipoipumzisha, yeye na mtoto hawatavuka salama.

Ndipo Abdulkarimu, kaka yake Bi Hafsa, msomaji wa dua kwa wagonjwa, alipopiga magoti mlangoni na kuufuata mnyororo kwa kidole. Kidole kikafika kwenye kona, kikateleza.

"Hapa pamefunguliwa," alisema.

Jumanne na watu wa ofisi wakaitwa. Jumanne alieleza kwa upole kwamba mashine haina akili yake, huchonga mchoro. Innocent akamgeukia Rebeka, na macho ya wote yakamgeukia pamoja naye. Neno la kweli lilikuwa limefika kwenye ulimi. Aliuhisi uzito wake.

"Mchoro ulikamilika," akasema.

Jumanne hakubishana. Alimtazama tu, kisha akainamisha kichwa, na Rebeka akaona afadhali angetukanwa. Habari ikafika Mtawanya kabla ya fundi mwenyewe. Mteja mmoja alifuta kazi yake mbele za watu: "Mimi nilitaka kitanda, fundi. Majini ninao wa kutosha nyumbani." Watu wakacheka.

Rebeka alirudi kwenye kompyuta, akaikuza ile kona mara elfu. Pete ikajengeka, duara timilifu. Akairudisha udogoni mwake, nayo ikabaki imefunga. Chai yake ilikuwa haijapoa, na hilo ndilo lililomchoma zaidi ya yote. Aliipeleka karakana akisema ameiboresha kidogo. Jumanne aliigeuza pete kwenye kioo, akauliza kwa sauti ya chini, "Dada Rebeka, hii siku ile ilikuwa wapi?" Kisha akaichonga kwenye kipande cha mninga bila kuuliza tena.

Adhuhuri wakakusanyika sebuleni, wote wima, viti nyuma yao, Fauzia ukutani akitweta. Abdulkarimu alieleza kwamba pete peke yake haitoshi.

"Aliyemfungulia aseme kwa kinywa chake. Akisema, huyu hana pa kushika. Asiposema, atakuwa amempa makazi."

Harufu ya maganda ikajaa chumba, na nyayo zikaanza upande wa jikoni, zikapita nyuma ya Bi Hafsa, zikapita nyuma ya Innocent aliyekuwa amefumba macho, zikaja polepole, zikisimama na kuendelea, mpaka zikafika nyuma ya mgongo wa Rebeka na zisiendelee tena, naye akahisi joto la pumzi kwenye kisogo, akajua kwamba sentensi moja tu, fupi kuliko agizo lile aliloliongeza kwenye skripti, ingemwokoa Fauzia na mtoto wake na jina la fundi asiye na hatia, akaipanga, akaisahihisha, akaipanga upya ili isimwaibishe mno mbele ya Innocent, na alipokuwa bado anaitafutia neno la kuanzia, mtu mwingine akasema.

"Basi iwe mimi," alisema Jumanne. "Mradi binti huyu akae."

Rebeka akafumba kinywa.

Abdulkarimu aliwatazama wote, mmoja baada ya mwingine, kisha akaigongomea pete kwenye kona ya mlango. Mnyororo ukafunga. Nyayo hazikusikika kwenda popote. Fauzia akatoa sauti ndogo, magoti yake yakakunjika, akateleza ukutani mpaka sakafuni, akalia kwa furaha huku akiyapapasa. Harufu ikakatika. Jumanne akakaa, akijifuta jasho. Innocent akakaa. Abdulkarimu akakaa palepale kizingitini.

Bi Hafsa, machozi na kicheko vikimchanganyikia, aliikumbuka desturi ya nyumba yake. Akasogeza kiti.

"Karibu kiti, mwanangu."

Rebeka alishukuru. Akainama kukaa, na magoti yakalia kama ubao. Akajaribu tena, taratibu, mikono imeshika mgongo wa kiti, na sasa akataka kusema yote, lakini ulimi nao ulikuwa umesimama.

Bi Hafsa aliacha kucheka. Akavuta kiti chake mwenyewe nyuma, akakaa.

Watu wote chumbani walikuwa wamekaa. Aliyebaki amesimama ni Rebeka.