Nilimlilia Mume Wangu Miaka Minne, Kumbe Anabeba Magunia Kagongwa

Nina miaka thelathini na mbili, naishi Ngokolo, Shinyanga mjini, na mkasa huu nauandika nikiwa na hasira. Pole nimeshapewa za kutosha, tena nyingine nilipewa na muongo!

Mume wangu, Masanja, alikuwa mchimbaji mdogo kule Segese. Akirudi nyumbani alikaa nami jikoni akinimenyea viazi vitamu, mpaka ndugu zake wakamcheka kwamba nimemlisha limbwata. Tulipendana, jamani! Mungu akatupa binti mmoja, Kabula.

Alinikataza kitu kimoja tu: nisikanyage machimboni. Wachimbaji wa kwetu wanaamini mke akimfuata mumewe kwenye duara, yaani shimo la kuchimbia, dhahabu inakimbia. Nikatii. Hata njia ya kwenda huko sikuijua...

Siku moja mdogo wake, Ngasa, waliyekuwa wakichimba pamoja, alirudi peke yake. Mkononi ana shati la Masanja na kandambili zake. Akasema duara limeporomoka, kaka yake amefukiwa, hawezi kutolewa.

Nilipiga mayowe, nikataka nipelekwe nikalione hata hilo shimo. Ngasa akang'aka! Mjane akisimama pale, alisema, duara litaua na wengine. Wazee wakaitikia kwa vichwa. Na mimi mjinga nikakaa chini, nikanyolewa nywele, nikamlilia mtu ambaye sikuona hata kidole chake.

Baada ya matanga, wazee wa ukoo wakaamua nirithiwe na Ngasa, kama mila ilivyo. Ningeenda wapi na mtoto mdogo? Nikakubali. Nikamzalia mtoto wa kiume.

Miaka minne ikapita. Nikaenda Kagongwa kununua mchele wa kuja kuuza. Pale kwenye mashine ya kukoboa, mbeba mizigo mmoja akasimama mbele yangu.

"Mayu, nikubebee gunia lako?"

Alikuwa Masanja! Mume wangu niliyemzika moyoni, ananiita mayu kama mama yeyote anayepita sokoni! Nilimshika mkono nikamwita kwa jina lake. Akautoa mkono wake taratibu.

"Samahani mama, hapa wananiita Mgeni."

Mwenye mashine akanieleza. Mgeni aliletwa na mdogo wake baada ya jiwe kumpiga kichwani, kumbukumbu zote zikafutika. Huyo mdogo akaomba apewe kazi, eti hawana ndugu mwingine duniani. Nikauliza, mdogo mwenyewe yukoje? Mrefu, akasema, ana pengo la meno ya mbele. Alikuwa Ngasa huyo huyo!

Nilimwonyesha Masanja picha yetu ya harusi kwenye simu. Aliitazama muda mrefu, kisha akakubali kunifuata. Nyumbani, Kabula alimwamkia baba yake "shikamoo", akajificha nyuma yangu.

Mbele ya wazee Ngasa alikiri kila kitu. Duara liliporomoka kweli, lakini kaka yake alitoka hai, hajui hata jina la mama yao. "Mtu asiyejijua si ameshakufa tu?" Alisema hivyo bila aibu! Kumbe alinitaka tangu siku niliyoolewa. Kabla hatujafika polisi, akatorokea machimbo ya Geita. Ngasa, kama unasoma hapa, ujue nakutafuta, na safari hii machimboni nafika mwenyewe!

Lakini kulikuwa na yule mtoto niliyezaa na Ngasa. Wazee wale wale wakanishauri nimwambie Masanja kwamba ni wake. Hakumbuki, wakasema, atajuaje? Hebu fikirieni! Ngasa alimwibia kwa sababu hakumbuki, halafu na mimi nimwibie kwa sababu hiyo hiyo?

Niliogopa... Ndiyo kwanza nimempata, akiondoka je? Hata hivyo nilimkalisha jikoni, nikamweleza yote. Alikwenda kulala kwa jirani siku tatu. Nikajua nimempoteza tena, tena kwa mdomo wangu mwenyewe.

Siku ya nne asubuhi alikuja, akamkuta mtoto analia uani. Akambeba.

"Anaitwa nani?"

"Maduhu," nilimjibu.

Akakaa kwenye kigoda, mtoto mapajani. "Basi nieleze tena tulivyooana. Polepole."

Hadi leo hakumbuki hata siku moja ya maisha yetu. Namsimulia, naye anasikiliza kama habari za watu wengine. Siku nyingine namsimulia huku nalia kwa hasira.

Dada zangu, ukiambiwa mumeo amekufa, nenda ukaone kwa macho yako. Ukiambiwa mwanamke hafiki pale, hapo ndipo uende mbio! Kutoka kwangu hadi Segese ni safari ya asubuhi moja tu kwa basi. Miaka minne, sikwenda.