Jina Linaloitwa Saa Kumi

Jumatatu hiyo Gaspard aliamka na vidonda vibichi kwenye ncha za vidole vya mkono wa kushoto, vinne, vya kukatwa na nyuzi. Kila mpiga gita anavijua vidonda hivyo, kwa hiyo ajabu haikuwa vidonda. Ajabu ni kwamba hakuwa amegusa gita kwa miezi mitano, tangu bendi ilipomfukuza. Pilipili usiyoila yakuwashiani?

Ulikuwa mwaka wa sabini na nne, pale Koboko, Uganda. Gaspard, mzaliwa wa Aru ng'ambo ya mpaka, upande wa Zaire, alikuwa akitengeneza redio kwenye kibaraza cha Mzee Lukumani na kujifanya amesahau. Amesahau wapi! Miaka mitatu alikuwa mpiga solo wa Bendi ya Radi mjini Arua, roki ya kutikisa mabati, askari na wachuuzi wa mpakani Vurra wakipanda jukwaani kumfuta jasho kwa leso zao. Halafu siku moja akafika mazoezini akakuta kijana aitwaye Emile amekaa kwenye kiti chake, amelipakata gita la bendi. Fadhul, kiongozi wa bendi, hata macho hakuinua. Alisema tu kwamba solo za Gaspard zimechosha watu, na alilisema hilo mbele ya wote. Hilo la mbele ya wote ndilo lililomkwama Gaspard kooni, na asubuhi na jioni aliwaombea mabaya.

Jumapili iliyofuata, saa kumi alasiri, alikuwa ameinamia redio iliyokufa, betri zimetolewa, vidole vyake vilipoanza kutembea juu ya meza bila yeye kuvituma. Vilikwenda mbio, vikarudi, vikabonyeza mbao mpaka vidonda vikafunguka. Harufu ya waya ulioungua na nywele zilizobabuka ikajaa kibarazani. Na ndani ya redio ile isiyo na betri, watu wakapiga makofi. Mzee Lukumani alinusa, akasikia, akabeba mkeka wake akahamia upande wa pili wa nyumba bila kuuliza neno.

Siku ya tatu yake lori la tumbaku lilimshusha Kaltumu, mwimbaji wa bendi. Alikaa kwenye ukingo wa benchi kama mtu aliyekuja msibani.

Ilikuwa desturi ya Bendi ya Radi kwamba wimbo ukifika penye solo, mwimbaji humwita mpigaji kwa jina, ndipo gita lijibu. Kaltumu alikuwa amemwita Gaspard kwa miaka mitatu, na mdomo una mazoea yake.

"Miezi yote hii niliita Emile. Jumapili ya wiki juzi, mdomo iliteleza," alisema kwa sauti ya chini, akiutazama mlango. "Nikaita Gaspard. Gita ikaitika. Emile alikuwa ametoa mikono, kaka. Mikono iko hewani, na gita inalia."

Watu walipagawa. Jumapili ya pili, saa kumi kama kawaida ya bendi, ukumbi ulijaa mpaka madirishani, na Fadhul akamwamuru Kaltumu aite jina lile kila wiki, wala asithubutu kusahau. Sasa mkono wa kushoto wa Emile umefunga ngumi, haufunguki hata kushika kikombe, na kinywani mwake inasema sauti isiyo yake. Kaltumu alimwomba Gaspard aje.

Niseme ukweli: kitu cha kwanza alichosikia Gaspard moyoni ni furaha. Wacha waungue! Kisha ikamjia hasira ambayo hakuwahi kuijua. Watu hawa walikuwa wamemtupa yeye nje na kubaki na jina lake.

Walikwenda kwa Mama Sadiya, dada yake Lukumani, mganga ambaye mji mzima ulimwogopa na kumpenda. Alichoma buhuri, na moshi, badala ya kupanda, ukalala na kuvifuata vidole vya Gaspard.

"Jina iliitwa, mwenyewe hakuwako. Mwingine akaitika," alisema. "Sasa iko anakula kinyongo yako, na vidole yako ndiyo sahani. Wasamehe, mwanangu. Mlango itafunga."

"Siwasamehe, Mama."

Alitegemea kukemewa, lakini mama yule alicheka kidogo. Wakaidi amewaona wengi. "Basi nenda uitike wewe mwenyewe. Kila ukiitwa, mtangulie. Akikutangulia tena mara moja tu, hiyo mikono haiko yako tena."

Jumapili Gaspard alisimama mlangoni mwa ukumbi wa Arua, na Kaltumu akaliita jina. "Naam!" alifoka Gaspard, mapema, kabla uzi wa gita haujatikisika, akaanza kuwapenya wachezaji, na kadiri alivyosogea ndivyo ile harufu ya nywele zilizobabuka ilivyozidi kumkaba, na taa zikafifia ingawa jua lilikuwa bado nje, na kila aliyempita bega lake lilikuwa baridi, na gita mapajani mwa Emile likaanza kunguruma kwa hasira ya kunyang'anywa, likipiga solo zake yeye mwenyewe, zile zile walizosema zimechosha watu, zikipigwa vizuri kuliko alivyowahi kuzipiga, mpaka akafika jukwaani na Emile akainua uso, macho meupe, na kinywa chake kikasema polepole, kwa upole wa rafiki:

"Mimi ndiye niliyekulipizia. Niachie hawa wote, na Jumapili ijayo hakuna atakayefungua mkono."

Gaspard alimtazama Fadhul, aliyejibanza nyuma ya ngoma. Alitamani. Mungu anajua jinsi alivyotamani.

"Hasira ni yangu miye," akasema. "Miye sikutuma mutu."

Akalinyakua gita, akaingia katikati ya solo ile na kuipiga mwenyewe mpaka mwisho, damu ikichuruzika kwenye nyuzi, kitu kikimvuta vidole huku naye akivirudisha. Alipoikata sauti ya mwisho, harufu ikatoweka. Emile aliufungua mkono wake, kidole kimoja kimoja, akilia.

Gaspard alichomoa waya, akaliweka gita chini, akaelekea mlangoni. Watu wakampisha. Hapo ndipo Fadhul, mwoga yule, alipopata sauti.

"Gaspard! Rudi, bwana. Kiti ni yako."

Alikuwa ameapa kutokiitikia kinywa kile mpaka kaburini. Alinyamaza kwa kiburi, akapiga hatua moja. Nyuma yake amplifaya, waya wake umelala sakafuni, ikavuta pumzi kama mtu anayetaka kusema naam.

Gaspard akageuka haraka.

"Naam. Nimekusikia, Fadhul. Sirudi."

Akatoka, na njia nzima mpaka kwenye malori ya Koboko hakuna aliyethubutu kumwita tena.