Maji ya Moto Nyuma ya Banda la Farasi

Asubuhi ya kwanza shambani, Rachida alimwaga maji ya moto nyuma ya banda la farasi, na kitu kikalia. Kilio kilikuwa chembamba na kifupi, kama cha mtoto aliyebanwa kidole na mlango.

Alibaki na sufuria tupu mkononi. Simu ilikuwa bado sikioni, dada yake akimsimulia harusi ya jirani huko nyumbani kwao, Kikula. Nyumbani Rachida hakuwahi kumwaga maji ya moto chini bila kutaja bismillahi kwanza, ili viumbe wasioonekana wapate kusogea. Mama yake alimfundisha hivyo kabla hajamfundisha kusuka nywele. Lakini umbea ni mtamu, na mdomo ni mmoja.

"Isidore," alimwita mlinzi wa shamba, "iko mutoto ya farasi hapa?"

"Apana, Mama Binti. Farasi ni tatu tu, na zote ni dume."

Mumewe, Idrissa, dereva wa lori, alikuwa ameazimwa nyumba ya shamba hilo la Kapolowe na rafiki yake, ili mtoto wao wa pekee, Binti, aonje likizo kama watoto wa wakubwa. Binti wa miaka minane alimpenda farasi mwekundu, naye farasi akawa anamfuata kila aendako. Rachida akawatazama, akajilazimisha kusahau.

Jioni harufu ya nywele zilizoungua ikajaa nyumbani. Magharibi ilipoingia, kwato zikaanza kupita barazani, juu ya simenti: ko, ko. Idrissa akainuka kwenda kumfunga farasi aliyetoroka, lakini Rachida akamshika mkono.

"Baba Binti, sikiliza muzuri," alinong'ona. "Farasi iko na miguu ine. Hii ni mbili."

Walikaa hivyo wameshikana, wakizisikia zikizunguka nyumba, zikisimama mbele ya kila dirisha, pumzi nzito ikisikika kwenye nyufa za mbao, mpaka zikafika kwenye dirisha la chumba cha Binti, na hapo hazikusonga tena.

Kulipokucha Binti alikuwa anaungua kwa homa, na sauti iliyotoka kinywani mwake ilikuwa ya mwanamke mzima.

"Ulichoma mutoto yangu. Miye pia nabeba yako."

Hapo ndipo Rachida alipomwambia mumewe habari ya maji. Maji yakimwagika hayazoleki. Idrissa hakumgombeza, alimpigia simu Mwalimu Asani, kaka wa baba yake, anayesomesha Kurani huko Kikula na kuwasomea wenye majini. Mzee alifika adhuhuri, amepanda pikipiki, vumbi hadi kwenye kope.

Akasoma mpaka sauti yake ikakauka. Rachida akambeba Binti hadi pale alipomwaga maji, akapiga magoti, akalia.

"Pardon, mama mwenzangu. Sikukuona. Nirudishie mutoto yangu."

Kisha ile sauti ikatoka tena kinywani mwa Binti: "Mumuweke mu banda. Mugeuke. Nitatoa mutoto."

"Baba mukubwa, tufanye bile anasema?" Idrissa aliuliza.

"Tugeuke," Asani akasema.

Wakamlaza Binti bandani, wakageuka. Walipotazama tena, mtoto alikuwa amesimama mlangoni mwa banda, amevaa viatu vyake virefu vya msimu wa baridi, homa hakuna, anatabasamu. Rachida alimkumbatia mpaka akakosa pumzi. Furaha ilimjaa kiasi kwamba hata farasi mwekundu aliporuka nyuma na kugonga ukuta kwa woga, alicheka tu.

"Iko na wivu," Idrissa alisema.

Jua lilikuwa halijazama walipofika Kikula. Rachida alichemsha maji ya kumwogesha.

"Ya baridi, maman," mtoto alisema.

"Mu baridi hii?"

"Ya baridi tu."

Akamvua nguo, viatu akaviacha mwisho. Mgongoni, kutoka shingo hadi kiuno, palikuwa na kidonda kibichi cha maji ya moto. Simu ikalia.

"Mama Binti," ilikuwa sauti ya Isidore, ndogo, yenye hofu, "mulisahau mutoto? Iko mumoja analia nyuma ya banda. Anaita weye."

Kisha, mbali, sauti aliyoijua tangu siku ya kumzaa Binti: "Maman! Kuya unibebe!"

Nyuma ya Rachida kiatu kimoja kikaanguka. Kikaanguka na cha pili. Halafu, juu ya simenti, taratibu, zikija upande wake: ko, ko.