Bia Iliyonyweshwa Injini

Kila Jumamosi Wara alifuta vioo vya gari la baba yake mbele ya nyumba yao, katika mji wa El Alto. Akimaliza, alikaa ndani na kumfikiria mama, aliyekuwa akishona nguo katika mji wa mbali wa Cochabamba tangu mwaka uliopita. Sauti ya simu haikumtosha. Alitaka kulala mapajani mwake, asukwe nywele na mikono yake.

Mara mbili walifunga safari ya kwenda kumwona, na mara mbili wakarudi. Walipoanza kupanda mlima, injini ilitetemeka na taa ya njano ya onyo ikawaka. Baba aliizima kwa kifaa cha jirani cha kufutia onyo, ikawaka tena. Leo alimwita dada yake Casilda, fundi wa magari.

Casilda alipima. "Silinda ya tatu inamisi. Haichomi mafuta."

"Wewe izime tu hiyo taa, dada. Mtoto anamlilia mama yake kila siku."

"Ukimziba mdomo anayekwambia nyumba inaungua, moto unazimika?"

Akachomoa koili inayopeleka umeme kwenye plagi. Ndani ya shimo la plagi mlikuwa na majimaji yanayonata, na chuma kilishaota kutu. Akanusa, akamcheka kaka yake. "Fermín, nani kalinywesha gari lako bia?"

"Tulilinyunyizia kule ziwani, siku ya kulibariki. Lakini boneti na magurudumu tu, kama wafanyavyo wote wanaobariki magari."

Wara aliona akinyamaza, mama atazidi kuwa mbali.

"Ni mimi, baba," alisema. "Ulipokwenda kununua maua ya kulipamba gari, nilifungua boneti nikamimina chupa nzima. Nilitaka baraka ifike hadi ndani, tusikwame njiani. Taa ilipowaka nikaogopa kusema."

"Na mimi nikawa nazima taa tu," baba alisema taratibu.

Shangazi Casilda akampa Wara kitambaa. "Haya, mama baraka, kausha ulichomwaga." Walikausha shimo, wakaweka plagi na koili mpya, kisha wakalipandisha gari mlimani kulijaribu. Injini ilinguruma vizuri na taa haikuwaka.

"Bia uliimwaga kwa mapenzi, sikulaumu," shangazi alisema waliporudi. "Lakini mficha maradhi kifo humuumbua, wewe umeumbuliwa na harufu. Ungesema mapema, saa hizi ungeshamkumbatia mama yako mara mbili."

Wara alilia, maana ilikuwa kweli. Baba akamfuta machozi, akawasha gari, wakaelekea Cochabamba.